Wikipedia ikibadilishwa sura, kura peke yake haitoshi

Mhariri,

Tovuti inayoendeshwa na watu wa kujitolea ikibadilishwa sura, wanaolalamika huambiwa wavumilie, watazoea. Katika mabishano juu ya Vector 2022, mwonekano wa kompyuta ambao Wikipedia ya Kiingereza iliuanza tarehe 18 Januari 2023, wachangiaji wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura kwa kauli moja kutaka mabadiliko yaondolewe. Walikuwa na haki hiyo. Ila kura husema tu kwamba watu hawataki. Mtengeneza programu akiisoma hajui arekebishe wapi, na mwonekano mwingine utakapokuja, tutajikuta pale pale.

Malalamiko mengi yana msingi wa kazi. Orodha ya yaliyomo, iliyokaa ndani ya makala chini ya utangulizi, imehamia pembeni kushoto. Lugha zimekuwa kitufe mkabala na kichwa cha makala, kwa hiyo anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili anabofya mara mbili badala ya moja. Upana wa maandishi umewekewa kikomo ili mstari usiwe mrefu mno kwa jicho, jambo zuri kwenye skrini kubwa. Kwenye kompyuta mpakato ya pikseli 1366 kwa 768, menyu ikiwa wazi kushoto na sanduku la habari, yaani kisanduku cha muhtasari wa makala, likikaa kulia, aya hubaki ukanda mwembamba katikati. Jedwali pana la msimamo wa ligi hutokeza nje ya eneo lake.

Vigezo navyo, yaani violezo vinavyotumiwa tena katika makala nyingi, huathirika. Kigezo kilichotungwa kuivuta orodha ya yaliyomo upande wa kulia wa makala hakina tena cha kuvuta. Vijiprogramu vya wachangiaji, vile vinavyoongeza kitufe cha kufuta uharibifu au kuweka jamii (kundi la mada la makala), hutafuta sehemu fulani ya ukurasa kwa jina lake. Sehemu hiyo ikihamishwa au kubadilishwa jina, kitufe hakitokei, na mara nyingi mtumiaji haoni taarifa yoyote ya kosa. Mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, anayepitia mabadiliko ya karibuni kila jioni hupoteza chombo chake cha kazi bila kujua kwa nini.

Lakini tatizo linalotuhusu kuliko yote ni tafsiri. Maneno ya vitufe na menyu hayatafsiriwi ndani ya Wikipedia yenyewe, hutafsiriwa translatewiki.net, na hufanywa na watu wa kujitolea. Mwonekano mpya huja na ujumbe mpya, na kila ujumbe usio na Kiswahili huonekana kwa Kiingereza. Ndiyo maana msomaji hukuta makala safi ya Kiswahili imezungukwa na menyu nusu hivi, nusu vile. Kuutafsiri ni kazi ndogo lakini inataka uangalifu. Ujumbe wa idadi ya lugha, kwa mfano, una alama ya $1, ambayo programu huiondoa na kuweka namba. Kwa Kiswahili namba hufuata jina, basi mtafsiri aandike “lugha $1” ili isomeke “lugha 53”. Akiifuata Kiingereza atapata “53 lugha”. Akiifuta alama, namba inapotea kabisa. Vitufe vitafsiriwe kwa ufupi pia: “ficha” inatosha, na “hamishia pembeni” inaeleweka, sentensi nzima hukatika mistari miwili na kuharibu menyu.

Tunashauri kazi hiyo ifanywe kabla ya tarehe ya kubadilisha. Kuujaribu mwonekano hakuhitaji akaunti. Fungua makala yoyote, nenda mwisho wa anwani yake, ongeza ?useskin=vector-2022, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza (Enter). Anwani ikiwa tayari na alama ya kuuliza, tumia & badala ya ? ya kwanza. Ukiandika ?useskin=vector utauona ule wa 2010. Athari ni kwa ukurasa huo tu. Jaribu makala ndefu, fupi, yenye jedwali pana na yenye sanduku la habari, na uzijaribu kwenye kompyuta ya kawaida, si ile nzuri kuliko zote ofisini. Ukikuta kasoro, andika anwani ya makala, jina la kivinjari, ukubwa wa skrini, ulichobofya, kilichotokea na ulichotarajia, kisha ambatisha picha ya skrini. Ripoti kumi za namna hiyo zina uzito kuliko kura mia za “hapana”.

Mwenye akaunti anaweza kurudi kwenye mwonekano wa zamani kupitia mapendekezo yake. Msomaji asiye na akaunti hawezi kuhifadhi chaguo hilo, kwa hiyo uamuzi wa jumuiya juu ya chaguo-msingi, yaani mwonekano anaoupata kila mtu asipochagua, unamgusa yeye zaidi. Wanaosoma kwa simu wana mwonekano wao mwingine, Minerva, na mabadiliko ya 2022 hayakuwagusa.

Kwa Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ombi letu ni kwamba taarifa ya mabadiliko iletwe kwa Kiswahili, kwenye ukurasa wa majadiliano wa jumuiya yenyewe, ikiwa na orodha ya ujumbe ambao haujatafsiriwa. Kwa vyuo vinavyofundisha tafsiri Tanzania na Kenya: wapeni wanafunzi orodha hiyo kama zoezi la darasa, na mwalimu aipitie kabla haijatumwa.

Wachangiaji wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili,
Dar es Salaam