Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Historia, Bagamoyo, kwa Mgeni Rasmi kutoka Blantyre, Uskoti

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa heshima katika mji ambao mwili wa mmisionari na msafiri David Livingstone ulifikishwa Februari 1874, ukiwa umebebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka Ilala, katika Zambia ya leo. Kwa kuwa unatoka Blantyre alikozaliwa, tumeona vyema tukusomee tuliyojifunza kuhusu mji wako.

Blantyre, ulio kando ya Mto Clyde, kusini-mashariki ya Glasgow, ulikuzwa na kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba kilichoanzishwa mwaka 1785. Livingstone alizaliwa mwaka 1813 katika nyumba za wafanyakazi ziitwazo Shuttle Row, ambamo familia nzima iliishi chumba kimoja, na alipofika miaka kumi akaajiriwa kuunga nyuzi zilizokatika, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, ndipo aende darasani. Kitabu alikiegemeza kwenye mashine, akisoma sentensi moja moja kila alipopita. Tusilifiche, mheshimiwa: pamba ile kwa sehemu kubwa ilichumwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki, na mtoto aliyeunga nyuzi zake ndiye aliyekuja kuilaani biashara ya watumwa ya pwani hii.

Hata hivyo, kwa maoni yetu Blantyre haumaliziki kwa mtu mmoja. Pamba ilifuatwa na makaa ya mawe, na asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 1877 gesi ililipuka mgodini High Blantyre, ikaua wanaume na wavulana 207 na kuacha wajane 92. Nyumba zao zilikuwa mali ya wenye mgodi. Mwezi Mei 1878, wajane 34 waliokuwa hawajahama walishtakiwa na kutolewa. Sisi tunauona moyo wa mji wako kwa watu hao kuliko kwa msafiri yule mashuhuri.

Mheshimiwa, tunaomba utupatie picha za Shuttle Row na za mnara wa kumbukumbu ya wachimbaji, tuzibandike darasani. Nasi tumeandika maelezo ya safari ya wabebaji waliofika hapa, ambao wengi wao hawakumbukwi kwa majina. Tunaomba uyafikishe kwenye makumbusho ya kwenu.

Ni sisi wanafunzi wa Klabu ya Historia.