Nywele zako zimekua, zimejikunja tu

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Alhamisi uliponipigia ukasema umechoka na kichwa chako na mwisho wa mwezi unaenda kuwekwa dawa ya kunyoosha nywele, nilinyamaza kwa sababu mteja alikuwa kitini na mashine iko mkononi. Usidhani nilikubali. Nimeona nikuandikie, maana haya hayasemeki kwa simu ya dakika mbili.

Tangu ukiwa mdogo nimekunyoa mimi mwenyewe, na ulipoingia sekondari ambako walitaka vichwa vifupi nikaendelea kukunyoa miaka minne mingine. Ndiyo maana nasema nywele zako nazijua kuliko wewe. Wewe hujawahi kukaa nazo. Ulianza kuziacha Novemba ulipomaliza KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na leo ni Septemba.

Unasema hazikui. Zilowanishe, shika unywele mmoja wa utosini, uunyooshe taratibu juu ya rula. Nywele za mtu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo utakuta sentimita kumi hivi, labda na zaidi. Ukiuachia utarudi hadi tatu au nne. Nywele zimo humo humo kichwani, mama, zimejikunja. Kipilipili ndivyo kilivyo: shina la unywele limepinda tangu ndani ya ngozi, na unywele wenyewe ni bapa kidogo, si mviringo kama wa singa, basi unatoka ukijizungusha kama springi. Na ukishuka hadi kisogoni utaona mizunguko imelegea kuliko ya utosini. Kichwa kimoja, nywele za aina mbili. Hayo nimeyaona kwenye chako kila nilipokunyoa.

Sasa hizo namba mnazoulizana hosteli, 4B, 4C. Mpangilio huo wa aina za nywele ulianzia kwa Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey kule Marekani, miaka ya 1990, na 4C iliongezwa baadaye na watu wengine. Si vibaya kuijua namba yako, lakini inakuambia umbo la mkunjo peke yake. Haikuambii kama unywele ni mnene au mwembamba, wala kama unanyonya maji. Na huko ndiko shida yako iliko.

Watu wamekuambia una nywele ngumu. Hata shangazi yako husema hivyo, na mimi sijawahi kukubaliana naye. Weka unywele wako mmoja kando ya uzi wa kushonea uone. Ni mwembamba sana! Kinachowadanganya ni wingi: ukitenganisha nywele zako, ngozi ya kichwa haionekani vizuri. Nyembamba lakini nyingi. Mtu akiona wingi huo anachukua kitana kwa nguvu, na kila mahali unywele ulipojikunja ndipo penye udhaifu, basi unakatika hapo. Usichane zikiwa kavu. Zigawe mafungu manne, zilowanishe, tia kondishena, anza kwa vidole, kisha chanuo la meno mapana, kutoka nchani ukipanda juu.

La pili ni maji. Nilipokuwa nikikupulizia maji kabla ya kukunyoa, matone yalikuwa yanasimama juu ya nywele kama kwenye jani la nduma. Maana yake magamba ya unywele wako yamelala, yamebanana, maji hayaingii upesi. Wapo wanaosema utumbukize unywele kwenye glasi uone kama utazama. Usijisumbue, ukiwa na mafuta utaelea tu. Amini matone. Nywele kama hizi hufunguka kwa joto: osha kwa maji ya uvuguvugu, paka kondishena, funika kwa kofia ya plastiki na taulo yenye joto dakika ishirini. Najua huko Eldoret unakosoma ni baridi na maji ya moto hosteli ni ya kugombania, lakini mara moja kwa wiki utapata.

Mwenzako wa chumbani anapaka mafuta mazito kila asubuhi na zake zinang'aa. Ni zake. Wewe ukipaka mafuta ya nyonyo juu ya nywele kavu yanakaa juu tu, yanashika vumbi, na ndani unywele una kiu vile vile. Anza na maji, kisha mafuta mepesi kidogo yazuie maji yasitoke. Hata yale ambayo kichwa hutoa chenyewe hayafiki nchani kwa kipilipili, yanakwama kwenye mizunguko, ndiyo maana ncha zako hukauka kwanza.

Kuhusu dawa. Inanyoosha kwa kuvunja vifungo vya ndani ya unywele, na vikishavunjika havirudi. Zinazoota baadaye zitaota kipilipili, na pale mpya inapokutana na ya dawa ndipo pa kukatikia. Mama yako aliwekwa akiwa na umri kama wako, wakaiacha ikakaa kupita kiasi. Lile kovu nyuma ya sikio lake unalijua. Umeshakuwa mtu mzima, kichwa ni chako, sitakukataza. Ninakuomba ungoje hadi Desemba.

Ukitaka kusuka, suka, lakini mwambie msusi asivute nywele za kando ya uso. Ukiona vipele pale, fumua siku hiyo hiyo, hata kama umelipa. Ukija likizo tutaenda wote kwa wasusi wa Kenyatta Market hapa Nairobi, nikae pale nione mikono ya huyo msusi.

Kesho nitakutumia kifurushi kwa basi la asubuhi: chupa ya kupulizia maji, chanuo, mafuta ya nazi kidogo na kitambaa cha satini cha kufunga usiku, kwa sababu foronya ya pamba inanyonya unyevu. Mama yako ameongeza chapati. Ukishaosha Jumamosi, pima ule unywele wa utosini na mmoja wa kisogoni, unitumie ujumbe ni sentimita ngapi.

Baba yako