Tafadhali, usitume Jumamosi

Rehema ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Ujumbe wako wa jana usiku umeninyima usingizi, ndiyo maana nakuandikia kabla sijashika kazi nyingine.

Unasema umekusanya anwani 400 za barua pepe, za wanafunzi wako wa zamani na wale wa semina, na Jumamosi utawatumia wote habari za riwaya. Nakusihi, usitume. Hao hawakukuomba uwaandikie. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza kamba: barua zinazolalamikiwa kuwa ni taka zisifike 0.3%, yaani tatu katika kila elfu. Kwa watu 400, wakilalamika wawili tu umeshavuka, na hata barua utakazowaandikia wanaokupenda zitaanza kuangukia kwenye taka.

Anza na waliokusoma. Aliyefika ukurasa wa mwisho wa kitabu chako amekaa nawe siku kadhaa, basi mwalike pale pale: ukitaka sura iliyoachwa nje, jiandikishe hapa. Na kila barua iwe na njia nyepesi ya kujiondoa, mtu asijione ametekwa.

Unakumbuka ukurasa wangu wa mtandaoni ulipofungwa? Wafuasi elfu sita, miaka mitano ya kazi, na asubuhi moja sikuweza hata kuingia. Nilibaki na orodha yangu ndogo ya barua pepe, watu 112. Hao ndio walionunua kitabu cha pili. Mmoja aliniandikia kwamba alikuwa akimsomea baba yake mgonjwa, sura moja kila jioni. Barua ile bado ninayo, na siku kalamu ikigoma huifungua.

Mimi huwaandikia kama ninavyokuandikia wewe, kana kwamba anasoma mtu mmoja. Nawaeleza sura inayonisumbua, kisha nauliza swali moja. Niliwahi kuwauliza kama yule mjane wa riwaya yangu arudi kwao au abaki; majibu yao yalinifanya niuandike mwisho upya. Idadi ya waliofungua isikusumbue, maana tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuficha nani kafungua. Hesabu waliojibu.

Narudi kwenye Jumamosi. Mama Salma ananiambia ulitaka kuziweka anwani zote mstari mmoja, kila mtu azione za wenzake. Jamani, hapana! Anwani ya mtu ni amana.

Sasa niambie: kitabu kimeshaingia mtamboni, au ukurasa wa mwisho bado unagusika? Ile sura ya kisimani uliyoikata, unayo? Utaweza kuwaandikia kila mwezi bila kuchoka? Na katika hao 400, ni wangapi wamewahi kukuuliza kitabu kijacho kinatoka lini? Hao waandikie leo, mmoja mmoja, uwaombe ruhusa.

Nijibu kabla ya Jumamosi.

Ni mimi,
Sada