Hazina za mezani ziwe na wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu mzazi aliyeandika hivi karibuni kwamba michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile ambayo vijana huketi pamoja wakarusha dadu na kusimulia safari za mashujaa wao, inawafundisha watoto wetu uchawi na tamaa ya mali. Mimi ni msimamizi wa mchezo wa namna hiyo kwa kundi la vijana wa sekondari hapa Upanga. Yaani ndiye ninayewasimulia dunia wanayoisafiri, na ndiye ninayeamua kilichomo ndani ya sanduku wanapolifungua. Kuhusu uchawi sina mengi ya kusema, kwa kuwa watoto wa pwani wamelelewa na ngano za majini na mazimwi vizazi na vizazi bila kugeuka wachawi. Kuhusu tamaa, hata hivyo, mzazi huyo amegusa jambo la kweli, na ningependa tulitazame kwa makini kabla hatujawanyang'anya vijana dadu zao.

Mchezo uliozaa michezo hii yote, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, nao ni kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Katika kanuni zake za mwanzo mhusika alipanda daraja hasa kwa mali aliyoitoa pangoni: sarafu moja ya dhahabu iliyofikishwa salama ilimpa pointi moja ya uzoefu, ilhali kuua dude kulimpa kidogo tu. Anayelisikia hilo kwa mbali ataona huo ndio ushahidi wa tamaa, lakini aliyekaa mezani anajua kwamba matokeo yake yalikuwa mengine. Kwa kuwa vita havikuwa na faida kubwa, wachezaji walijifunza kunyemelea, kupatana, kuhonga na kukimbia; na kwa kuwa kanuni za miaka ile zilihesabu sarafu kumi kuwa ratili moja, mwenye kuokota sarafu 5,000 alikuwa amejitwisha mzigo wa ratili 500, zaidi ya kilo 220, ambao hakuna shujaa wa kuubeba mgongoni. Alihitaji wapagazi, punda, kamba, chakula cha njiani na maneno ya kuwaambia walinzi wa lango la mji. Yeyote aliyesoma habari za misafara iliyokuwa ikiingia Bagamoyo na pembe za ndovu anaielewa hesabu hiyo ya mizigo na mabega, na anajua kwamba mali haijapata kuwa jambo jepesi.

Ninachokilaumu kilikuja baadaye. Toleo la tatu la mchezo huo, la mwaka 2000, liliweka jedwali la mali ambayo mhusika wa kila daraja anatarajiwa kuwa nayo, pamoja na bei ya karibu kila kifaa cha ajabu. Pete, fimbo na upanga wa maajabu vikawa vitu vya kuagizwa na kulipiwa, na mchezaji akazoea kumdai msimamizi wake kama mtu anayedai haki iliyocheleweshwa. Toleo la tano, la mwaka 2014, lilijaribu kurudisha heshima ya vitu hivyo: vingi vyenye nguvu humtaka mtu atenge muda wa kukaa navyo hadi afungamane navyo, na haruhusiwi kufungamana na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Hiyo ni kanuni nzuri na mimi huifuata. Hata hivyo inahesabu vitu tu. Haimwulizi mchezaji kitu hicho alikitengeneza nani, kilimpotea nani, na nani bado anakililia.

Hilo ndilo ninalolitetea mbele ya wasomaji wako na mbele ya wasimamizi wenzangu: hazina yoyote inayowekwa mezani iwe na mwenyewe. Tamaa huota pale ambapo mali imelala tu, haina jina wala historia, ikimsubiri wa kwanza kufika. Mwenyewe akishajulikana, hata kama amekufa miaka mia tatu iliyopita, wachezaji hulazimika kuamua wao ni watu wa namna gani.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta vitu hivyo. Tukumbuke kisa cha Fumo Liongo, shujaa na mtunzi wa mashairi wa pwani ya kaskazini. Mkuki haukumdhuru wala mshale; kilichoweza kumwua ni sindano ya shaba ichomwe kitovuni, na siri hiyo ilikuwa imefichwa sana. Mtawala aliyemwogopa akamrubuni mtoto wa Liongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Mtoto akamdadisi baba hadi akaambiwa, kisha akamvizia usingizini. Liongo alijikokota na upinde wake hadi karibu na kisima, akapiga goti, akafa akiwa ameelekeza mshale, na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuteka maji kwa kudhani kwamba yu hai. Sasa itazame sindano ile kwa macho ya msimamizi wa mchezo. Katika jedwali la bei haifikishi hata sarafu moja ya fedha. Haiongezi nguvu ya mkono, haitoi moto, haimfai mtu yeyote dhidi ya adui mwingine yeyote. Nguvu yake yote imo katika uhusiano wa watu wawili, na gharama yake ni kwamba lazima anayeishika awe anapendwa na atakayechomwa. Katika vitabu vya mchezo nilivyosoma sijakutana na kifaa cha kutisha kuliko hicho. Kisa hichohicho kina hazina nyingine iliyo kinyume chake: tupa ya kukatia minyororo ambayo mama yake Liongo, mwanawe alipokuwa amefungwa, aliificha ndani ya mkate wa wishwa, akijua kwamba walinzi wa gereza watakula mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule wa makapi. Kijana akijifunza kubuni hazina ya namna hiyo, atakuwa ameielewa dunia kidogo.

Kitu kingine ni siwa, yaani baragumu kubwa la heshima. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ambayo urefu wake unapita mita mbili, imehifadhiwa Lamu pamoja na siwa ya Lamu yenyewe, ambayo ni ya shaba. Zilipigwa kwenye sherehe kubwa za watawala na za koo zenye hadhi, na aliyenyimwa siwa alikuwa amenyimwa heshima mbele ya mji mzima. Masimulizi ya Pate yanasema kwamba Mwana Darini, mama wa ukoo wa watawala, alipotaka kumfanyia mwanawe sherehe ya jando akanyimwa siwa, hakuomba tena. Alimtafuta fundi, akamwagiza amchongee ya kwake.

Niliiweka siwa kama hiyo katika mchezo wetu, ndani ya pango la kisiwani, imeviringishwa katika majamvi yaliyooza na mdomo wake umepasuka ufa mwembamba. Kijana aliyeiona kwanza kwa mwenge wa mhusika wake aliuliza, "Mwalimu, hii inauzwa kiasi gani?" Nikamjibu kwamba inategemea na anayeitaka. Binti aliyekaa pembeni yake akauliza aliyeileta huko pangoni ni nani, na kuanzia hapo mchezo ukabadilika. Walipofika mjini walikuta harusi iliyoahirishwa kwa sababu siwa ilikuwa imeibwa; wakamkuta mjane wa jumbe anayeidai kwa haki ya mumewe, mjukuu wa fundi anayesema babu yake hakulipwa ujira wake, na mfanyabiashara mwenye mfuko wa dhahabu ambaye hakudai haki yoyote, alitaka kununua tu. Walibishana mpaka adhana ya magharibi, na katika muda wote huo hakuna aliyeigusa dadu. Yule kijana aliyeuliza bei ndiye aliyependekeza kwamba mjukuu wa fundi alipwe kwanza kutoka katika mali yao wenyewe, kisha siwa irudishwe kwa mjane. Wenzake walimpinga vikali, kwa sababu dhahabu hiyo walikuwa wameipata kwa taabu, na mimi sikuwaambia nani yu sahihi. Namwomba mzazi aliyeandika barua aipime tamaa aliyoiona kwa mjadala huo.

Kwa upande wa sarafu, wasimamizi wengi huzitaja kwa idadi tu: mia mbili za dhahabu, mia tano za fedha, basi. Ni hasara kubwa. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 iliibuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na ndogo sana, zenye majina ya watawala waliozitoa. Sarafu za pwani yetu zina sifa ambayo kila mpenda ushairi angeifurahia: maneno ya upande mmoja yana kina kinachoitikiwa na maneno ya upande wa pili, hivi kwamba jina la mtawala na sifa ya Mungu vinakuwa ubeti mmoja mfupi uliogongwa katika madini. Msimamizi mwenye sarafu ya namna hiyo mkononi hahitaji kubuni kitendawili. Ampe mchezaji upande mmoja, upande wa pili autafute. Sarafu za shaba za Kilwa zimo katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, mwendo mfupi kutoka hapa tunapochezea. Vijana wangu walipoziona walishangaa udogo wake, na tangu siku hiyo hawajaitaja tena sarafu mezani bila kuuliza imeandikwa nini.

Hata hivyo, mali ya pwani haikuwa safi yote, na hilo nalo lisifichwe. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu, akisimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomwomba nguo alizovaa, naye akamvulia. Kisa kinaendelea kwamba mtoto wa sultani alizikomboa nguo hizo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani alipoona watu wamefurahi akamwongezea watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Nimekitumia kisa hicho mezani na sikukipunguza. Mchezaji aliyekwisha kufurahia joho la sultani akigundua kwamba limekombolewa kwa watu, ukimya unaofuata unafundisha zaidi ya hotuba yangu yoyote.

Kuna vitu ambavyo mimi sivigusi. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambayo watu waliyaamini mwaka 1905 kwamba yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, siwezi kuyaweka katika chupa na kuyapangia bei, kwa maana wenyewe ni wale waliokufa, na wajukuu wao tunaishi nao. Vivyo hivyo hirizi yenye maneno matakatifu: kwa jirani yangu hiyo ni dini, na meza ya mchezo si mahali pake. Wasimamizi wengine wataniona mkali. Nami nashika msimamo huo.

Pia huwa sitoi zawadi kwa mhusika anayevunja kaburi au kuchimba magofu. Nchi hii imechoshwa na masimulizi ya mali zilizofukiwa na Wajerumani, ambayo yamewafanya watu wachimbue mahali pasipostahili na kuwatajirisha matapeli. Sarafu ya dhahabu yenye picha ya tembo iliyogongwa Tabora mwaka 1916, kwa dhahabu ya Sekenke, ni kitu halisi na kizuri, lakini kila ajidaiye kujua shimo zilikofichwa anakuja na ombi la fedha za kuanzia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yana mwenyewe, naye ni sisi sote.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu halihusu kutetea mchezo peke yake. Vitabu vya mchezo huu tunavyovipata ni vya Kiingereza, na hazina zilizomo ni za mapango ya watu wengine. Hata zulia lirukalo na afriti wa kwenye chupa, ambao babu zetu waliwajua kwa hadithi za Alfu Lela Ulela, wanaturudia wakiwa na bei ubavuni. Naiomba Makumbusho ya Taifa itoe karatasi fupi za Kiswahili zenye picha, vipimo na habari za vitu kama sarafu za Kilwa, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu, na naliomba gazeti lako litenge robo ya ukurasa wa vijana kwa kitu kimoja kila juma: kilitengenezwa na nani, kwa madini gani, kilishikwa na nani, na sasa kiko wapi. Kundi letu liko tayari kuandika cha kwanza, nasi tungeanza na siwa.

Wako,
Msimamizi wa mchezo na msomaji wenu,
Upanga, Dar es Salaam