Kufuli kwanza, bastola ya alama za vidole baadaye

Mhariri,

Bastola inayomtambua mwenyewe inasifiwa kuwa ndiyo dawa ya vifo vya risasi majumbani. Naomba tuanze na kasiki, yaani sanduku la chuma la kufungia silaha.

Bastola moja ya aina hiyo, Armatix iP1, ilifyatuka pale tu ilipokuwa karibu na saa yake maalumu ya mkononi. Mwaka 2017 mdukuzi mmoja aliifyatua bila saa hiyo, kwa sumaku za dola 15 hivi. Nyingine, Biofire, iliyotangazwa 2023, inasoma vidole na uso. Bei yake ilikuwa dola 1,499. Hata ikiwa bora, silaha zilizokwisha kuwamo majumbani zinabaki vilevile. Kubwa zaidi, haimzuii mwenyewe. Marekani, mwaka 2021, watu 48,830 walikufa kwa risasi, na 26,328 kati yao walijiua. Aliyekata tamaa kidole chake kitakubaliwa tu. Kasiki ambayo ufunguo wake anao ndugu humchelewesha, na wimbi lile la kutaka kufa mara nyingi hupita.

Kufunga nako kuna utaratibu. Elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole kikae nje ya kifyatulio. Chomoa magazini (kibebeo cha risasi) kwanza, ndipo uvute slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza) nyuma na kukagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole. Ukivuta slaidi kabla ya kuchomoa magazini, risasi moja hutoka na nyingine huingia chemba. Ukichomoa magazini baadaye, utaamini bastola ni tupu, kumbe ina risasi moja. Watu wameuawa hivyo! Kisha pitisha waya wa kufuli kwenye tundu la kutolea maganda, utokee chini panapokaa magazini. Kufuli la kubana kifyatulio lisiwekwe kamwe kwenye silaha yenye risasi, maana linaweza kukisukuma.

Risasi zifungiwe kwingine, kwa ufunguo tofauti. Kasiki ndogo isiyofungwa kwa bolti kwenye zege, mwizi huibeba nzima. Na ufunguo wa juu ya kabati, watoto wanaujua. Sisi wa pwani tuweke na pakiti za kunyonya unyevu, tukague kutu kila mwezi.

Ombi langu kwa wanaotoa leseni: kabla ya kuihuisha, mkaguzi afike nyumbani, aione kasiki ilivyofungwa, na mmiliki aondoe risasi na kufunga silaha mbele yake. Akishindwa, leseni isubiri.

Msomaji wenu,
Tanga