Muuguzi akiingia Baraza la Mawaziri, aingie na alichokiona leba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu kiongozi mmoja aliyekuwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya chuo kimoja cha uuguzi hapa mkoani Dodoma. Aliwaasa mabinti waliokuwa wakihitimu wakawahudumie wagonjwa kwa upendo, waache lugha chafu, na mambo ya siasa wawaachie wanasiasa. Ukumbi ulipiga makofi. Nilikuwepo, maana mjukuu wangu alikuwa miongoni mwa wahitimu. Hilo la lugha chafu naliunga mkono kwa asilimia mia. Hilo la siasa nalikataa, na naomba niseme kwa nini.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya Mpwapwa na Chamwino tangu enzi zile tunachemsha sindano kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Sijawahi kugombea hata ujumbe wa serikali ya kijiji na kwa umri huu sitafuti cheo. Ninachotaka ni kwamba wale mabinti wasianze kazi wakiamini kuwa sauti yao inaishia kwenye mlango wa wodi.

Mgeni rasmi angeanzia hapa hapa nyumbani. Lucy Lameck, mzaliwa wa Njoro, Moshi, alisomea uuguzi kabla ya kuzama kwenye siasa za TANU. Alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, akarudi, akawa mbunge, kisha mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa wa uwaziri mdogo, na Wizara ya Afya na Nyumba ni mojawapo ya alikopangiwa. Mawaziri kamili wa kwanza wanawake, Tabitha Siwale na Julie Manning, waliteuliwa 1975, na kabla yao alikuwa ametangulia huyu aliyeanzia kwenye mafunzo ya unesi. Botswana nao walimteua Profesa Sheila Tlou, muuguzi kitaaluma, kuwa Waziri wa Afya kuanzia 2004 hadi 2008, wakati UKIMWI ukiwamaliza watu wao.

Lakini ninayetaka kumzungumzia kwa kirefu ni Edna Adan Ismail, muuguzi mkunga wa Hargeisa, Somaliland, kwa sababu maisha yake yanatugusa sisi wa kanda ya kati moja kwa moja.

Edna alizaliwa 1937, baba yake akiwa daktari. Shule ya wasichana haikuwepo kwao, na baba alipoleta mwalimu wa kuwafundisha wavulana, binti naye alikaa akasoma. Alipokuwa na umri wa miaka kama minane, baba akiwa safarini, wanawake wa nyumbani walimleta ngariba, mtoto akakeketwa kwa namna ile ya Kisomali ya kukata na kushona. Baba aliporudi alighadhibika. Edna amesimulia mara nyingi kwamba hasira ile ya baba ndiyo iliyomfanya ajue kuwa alichotendewa hakikuwa haki. Nawaomba akina baba wa Dodoma wasome sentensi hiyo mara mbili. Kwa miaka yangu yote kazini nimesikia wanaume wakisema hayo ni mambo ya akina mama. Baba mmoja alikasirika tu, na mwanawe akaibeba hasira hiyo hadi kwenye Baraza la Mawaziri.

Miaka ya 1950 alipata ufadhili, akasomea uuguzi na ukunga London. Aliporejea 1961 alihesabiwa kuwa Msomali wa kwanza mwanamke mwenye sifa kamili za uuguzi na ukunga. Aliolewa na Mohamed Haji Ibrahim Egal, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Somalia hadi mapinduzi ya 1969. Mwaka 1976, akiwa ofisa wa Wizara ya Afya, alianza kuuzungumzia ukeketaji hadharani, jambo ambalo wakati ule lilikuwa halitajwi mbele ya wanaume. Baadaye alilitumikia Shirika la Afya Duniani na kuwa mwakilishi wake Djibouti. Alipostaafu angeweza kwenda kupumzika popote. Alirudi Hargeisa, mji uliokuwa umebomolewa kwa mabomu mwaka 1988, akatumia mafao yake, akauza na gari, akajenga hospitali ya wazazi. Ilifunguliwa 2002. Mwaka huohuo akateuliwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Jamii wa Somaliland, mwanamke pekee katika baraza zima, na kuanzia 2003 hadi 2006 akawa Waziri wa Mambo ya Nje.

Somaliland ilijitangaza kuwa nchi huru 1991, na wakati Edna akiwa waziri hapakuwa na taifa lolote lililokuwa limeitambua. Najua kuna watakaouliza mkunga anajua nini kuhusu mambo ya nje. Nawajibu kwamba aliyewahi kusimama saa nane za usiku akimbembeleza mama mkwe akubali mkwewe apewe rufaa, huku mume yuko mnadani na simu yake haipatikani, anajua kuzungumza na mtu ambaye hataki hata kumsikiliza. Mkunga anajua namna ya kutomdhalilisha huyo mzee, na anajua pia kwamba dakika zinakwenda.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba uwaziri haukumtoa hospitalini. Alikuwa akiishi humohumo, na anaishi humo mpaka leo. Miaka ileile aliyokuwa akisafiri kuitetea nchi yake, wakunga wake walikuwa wakimkagua kila mama anayekuja kliniki na kuandika kama amekeketwa na kwa namna gani. Walipojumlisha wanawake 4,000 wa mwanzo, 97 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Baada ya hapo hapakuwa na kiongozi wa kusema tatizo limekuzwa na wageni, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye daftari na wakunga wa Hargeisa wenyewe.

Sasa nije kwetu.

Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 47 ya wanawake wa Mkoa wa Dodoma wamekeketwa. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 18, na Singida 20. Ni kushuka kukubwa na wapo watu walioipigania, wakiwemo walimu, viongozi wa dini na mashirika. Lakini takwimu hiyo inahesabu wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mtoto anayekeketwa mwaka huu akiwa na wiki tatu hataingia kwenye hesabu hiyo mpaka baada ya miaka 15. Na huku kwetu ukeketaji umehamia huko, kwa watoto wachanga.

Nieleze nilichokiona, maana anayekaa ofisini hawezi kukiona. Siku ya kliniki mama anakuja na mtoto wa wiki sita kwa chanjo. Mizani imening'inizwa kwenye boriti, watoto wanapokezana kwenye ule mfuko wa kupimia, kila mama anamvua wake nguo. Huyu hataki kuvua nepi. Anasema mtoto ana baridi, na jua la Dodoma linawaka. Ukimvua mwenyewe polepole, unakuta kitambaa kimegandia, na ukikilowesha kwa maji ya vuguvugu kikaachia, unakuta kidonda kilichopakwa majivu na mafuta. Mama anatazama chini. Bibi yake mtoto, aliyekaa kwenye benchi, anasema: "Nesi, ilikuwa lawalawa, tumeshaitibu."

Msomaji wa Pwani huenda halijui neno hilo. Lawalawa ni jina linalotumika huku kwa muwasho na maambukizi ya sehemu za siri za mtoto wa kike, na imani iliyoenea Dodoma na Singida ni kwamba dawa yake ni kukata. Ukweli wake naufahamu kwa mikono yangu. Ni fangasi, ni maambukizi ya njia ya mkojo, ni maji kuwa shida hata mtoto haoshwi ipasavyo kwa sababu mama amechota ndoo moja kwenye mchanga wa korongo na ndoo hiyo ni ya kupikia. Dawa ipo, sabuni ipo, na maji yakiwepo muwasho unakwisha. Kwa hiyo mradi wa kisima wa kijiji, ambao kwenye bajeti unasomwa chini ya Wizara ya Maji, mimi nauona kuwa ni kazi ya kuzuia ukeketaji. Nataka kuwe na mtu katika Baraza la Mawaziri anayeuona hivyo bila kuandikiwa na wataalamu.

Miaka mingi baadaye mtoto yuleyule anarudi kwetu akiwa na uchungu wa kwanza. Kovu halitanuki kama ngozi nzima. Kichwa cha mtoto kinakaa mlangoni, mama anasukuma hadi anachoka, na mwisho wake anachanika vibaya. Nimeshona michaniko ya namna hiyo kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa mdomoni na mhudumu. Wengine walivuja damu njiani kabla gari la wagonjwa halijafika barabara ya lami. Nchi yetu imejitahidi sana, vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya tafiti hizo mbili nilizozitaja, na kila kiongozi anazitaja namba hizo jukwaani. Waliozishusha wengi wao ni wauguzi wa zamu ya usiku. Sijaona kwa nini wastahili kusifiwa kwa namba na wasistahili kukaa panapopangwa namba zinazofuata.

Tazama sheria. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitano na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hiyo faini haifiki bei ya ng'ombe mzuri katika mnada wa Msalato. Na mwanamke akishatimiza miaka 18, kifungu hicho hakimgusi. Nimewapokea leba wanawake watu wazima waliolazimishwa na ukoo wa mume kabla ya kuzaa mtoto wa kwanza. Mwanasheria aliyeandika kifungu hicho alikuwa na nia njema, sina shaka. Angekuwepo mkunga pembeni yake, umri huo usingewekwa.

Najua hoja ya pili ya mgeni rasmi, maana tulizungumza baada ya sherehe, tukiwa kwenye foleni ya chakula. Alisema zahanati zina upungufu wa wauguzi, je, hao wachache nao wakienda kugombea nani atabaki? Ni hoja ya kweli na inaumiza. Nimekaa peke yangu kwenye zahanati mchana na usiku, kliniki mimi, leba mimi, dawa mimi, ripoti ya mwezi mimi. Lakini upungufu huo hauondoki kwa sisi kukaa kimya. Vibali vya ajira, nyumba za watumishi, posho ya kazi za usiku, yote hayo yanaamuliwa hapa hapa Dodoma mjini, na anayeyaamua mara nyingi hajawahi kukabidhi zamu kwa mtu asiyekuja. Muuguzi mmoja akienda bungeni wodi inapungukiwa mikono miwili, ni kweli. Akifanya kazi yake sawasawa huko, analeta mikono mingi zaidi ya aliyoiondoa.

Wala sisemi kila muuguzi anafaa. Wapo wenzetu wanaoutaka ubunge ili waikimbie kazi, na hao wakifika huko hutawasikia wakiitaja leba tena. Nimemchagua Edna kwa sababu alirudi. Alipata tuzo kubwa duniani, ikiwemo ya Templeton mwaka 2023, na bado ni mtu wa wodini, anawafundisha wakunga wapya.

Ombi langu kwa vyama ni la wazi. Vinapogawa nafasi za viti maalumu kwa makundi, na kundi la wafanyakazi likiwemo, vimtafute muuguzi wa zahanati ya kijijini, siyo yule tu aliye makao makuu. Ombi kwa Wizara ni kwamba mkunga apewe safu kwenye daftari la kliniki ya mama na mtoto ya kuandika hali ya mtoto wa kike, kama walivyoandika Hargeisa, na apewe ulinzi, kwa sababu anayeandika anaishi kijiji kimoja na ngariba na wananunua unga duka moja. Kwa wabunge waliopo sasa, naomba kifungu kile cha faini ya 300,000 na cha umri wa miaka 18 kirudishwe mezani. Kamati ya Bunge inayoshughulikia afya itakapokaa kukijadili, iwaite wanasheria na madaktari bingwa kama kawaida, lakini imwite na muuguzi wa zahanati. Bunge liko kwetu. Wa Chamwino akipigiwa simu asubuhi, kabla ya kikao cha mchana atakuwa ameshafika.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Mpwapwa, Dodoma