Coleridge-Taylor hakuibiwa, alisaini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu makala iliyodai kwamba mtunzi Samuel Coleridge-Taylor aliporwa kazi yake kubwa na wachapishaji wa London. Nia ya mwandishi ni njema, lakini alivyokieleza kisa hicho amelifunika jambo ambalo sisi watunzi na walimu wa kwaya ndio tunaopaswa kulisoma kwa makini zaidi.

Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875, baba yake akiwa daktari kutoka Sierra Leone na mama yake Mwingereza. Alikulia Croydon, na akiwa na umri wa miaka 15 akaingia Chuo cha Kifalme cha Muziki kusomea fidla, kabla ya kuhamia utunzi chini ya Charles Villiers Stanford. Kazi iliyompa jina, utungo wa kwaya na okestra uitwao Hiawatha's Wedding Feast, iliimbwa kwa mara ya kwanza chuoni hapo tarehe 11 Novemba 1898. Haki zake aliwauzia wachapishaji hao, Novello, moja kwa moja kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kijana alihitaji fedha, mnunuzi alikuwapo, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kwaya za Uingereza nzima zingeigombania.

Nakala ziliuzwa maelfu kwa maelfu, na hata baada ya kifo chake, tangu 1924 hadi 1939, kazi hiyo ilijaza ukumbi wa Royal Albert, waimbaji wakiwa wamevalia mavazi ya maigizo. Kwa tungo zilizofuata alijifunza kubakiza haki zake, lakini maisha yake yaliendelea kuwa ya kufundisha, kuongoza kwaya na kuamua mashindano bila kupumzika, mpaka alipoanguka katika kituo cha reli cha West Croydon. Alifariki kwa nimonia tarehe 1 Septemba 1912, akiwa na miaka 37. Mfalme George V alimpa mjane wake, Jessie, pauni 100 kwa mwaka. Ilikuwa hisani, wala haikuwa mrabaha, yaani fungu la mtunzi katika mapato ya kazi yake. Kisa hicho kilikuwa miongoni mwa yaliyowasukuma Waingereza kuunda, mwaka 1914, chama cha kukusanya malipo ya watunzi kila kazi zao zinapopigwa hadharani.

Mwandishi wenu pia hakugusa kabisa namna mtunzi huyu alivyotendea nyimbo za wengine. Katika mkusanyo wake wa vipande 24 vya piano, uliochapwa Boston mwaka 1905, kila kipande kimetanguliwa na wimbo wa asili, na jamii au eneo ulikotoka limetajwa. Baadhi ni za Waronga wa kusini mwa Msumbiji, ukiwamo ule wa anayelia kwamba hawataki kumwazima mtoto, kilio ambacho msomaji wa huku, aliyezoea kuona mtoto akipelekwa kulelewa na shangazi asiyejaliwa uzazi, hahitaji kufafanuliwa. Waimbaji wale hawakupata senti, hilo ni kweli, lakini mpiga piano hawezi kufikia noti za Coleridge-Taylor kabla ya kupita kwenye zao.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na bado najua watunzi wa kwaya waliomkabidhi mtayarishaji albamu nzima kwa malipo ya mkupuo, bila karatasi yoyote zaidi ya stakabadhi. Nota zao zinazunguka kwa fotokopi na WhatsApp, jina la mtunzi likiwa limekatwa pamoja na ukingo wa ukurasa. Ningeomba gazeti lako litafute mwanasheria wa hakimiliki achapishe, kwa Kiswahili cha kawaida, mfano wa mkataba ambao mwalimu wa kwaya anaweza kuusoma kabla ya kutia saini, wenye kipengele cha mrabaha na cha muda wa haki kurudi kwa mtunzi.

Mwalimu wa kwaya,
Morogoro